Njuga ya Mbwa

Mbwa wa Otmar walikataa kuvaa njuga mpya. Kwa mtu asiyejua mbwa wa kuwinda hilo ni jambo dogo, labda hata la kuchekesha. Lakini mbwa wa huku kwetu, hawa wadogo wekundu wenye mikia iliyojikunja, hawabweki. Mwindaji anawafuata kwenye nyasi kwa sauti ya njuga shingoni, na wao wenyewe wanajua kwamba njuga ikitoka kwenye msumari kuna kwenda porini na kuna mifupa. Siku zote Otmar alipogusa tu kamba ya ngozi, Wivu na Simjui walimrukia hadi kumwangusha. Siku hiyo alipoinama na njuga mkononi, Wivu alilala chini akageuza uso. Simjui, ambaye hakuwahi kuogopa hata nguruwe pori, alijikojolea.

"Wamezeeka," alisema mkewe Febronia, akiendelea kupepeta mtama.

"Mbwa wa miaka minne?"

"Basi wamechoka kukuona unanunua."

Ilikuwa Juni mwaka 1971, wiki tatu kabla ya msimu wa kuwinda kufunguliwa, na pale Ushirombo wanaume wote wenye bunduki walikuwa wameshikwa na ugonjwa ambao wake zao wanaujua vizuri, ugonjwa wa kununua. Mwanamume aliyenung'unika mwaka mzima kwamba sabuni inaisha haraka, Juni ikifika utamkuta dukani Kahama akinusa turubai. Otmar alikuwa ameuza tumbaku yake, na tangu hapo kila safari alirudi na kitu: baruti ya gobore, kopo la fataki, tochi ya betri tatu, viatu vipya vya tairi, nusu gunia la chumvi ya kukaushia nyama. Kila kitu alikipanga kitandani na kumwita mkewe aje kukitazama. Febronia alikuja, akatazama, akasema ni kizuri, akarudi jikoni. Alikuwa mke mwema, lakini alizaliwa Nkome, kwenye dagaa na nyavu, na mambo ya mbwa na baruti hakuyajua wala hakuyaulizia.

Njuga ilikuwa kitu cha mwisho. Ile ya zamani ilipasuka msimu uliopita, na hii Otmar aliipata kwenye mnada wa Jumamosi. Muuzaji alikuwa Mabula, kijana kutoka machimbo ya dhahabu upande wa Geita, aliyetandika gunia na kuweka juu yake kichwa cha sururu, taa ya wachimbaji na hiyo njuga. Ilikuwa kazi ya wahunzi wa zamani, nyepesi, ndogo kama limau, na mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa nyasi kavu. Nyasi hizo ndizo zilizomfurahisha Otmar. Mwindaji wa kweli huiziba njuga anapokuwa kijijini, na huifungua akishafika porini, mbwa wakiachiwa. Ukiifungua nyumbani, wazee husema, umetangaza kwamba windo linaanzia hapo. Otmar alichapwa na baba yake kwa kosa hilo akiwa na miaka saba. Alitaja bei ya chini kabisa, akitegemea wabishane mpaka mchana. Mabula alikubali hapo hapo, akakunja gunia lake, akaondoka bila kuuza vile vitu viwili vilivyobaki.

Basi mbwa walipokataa, Otmar aliitundika njuga kwenye msumari juu ya mlango, nyasi zikiwa bado mdomoni mwake, akaenda Kahama kufuata leseni ya kuwinda kwa Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori. Safari hiyo ilikuwa ya siku tatu ukibahatika kupata lori. Habari ya nyasi hakumwambia mkewe. Hakuona sababu, maana nani atahangaika kuzibua njuga ya mbwa?

Hapa ni lazima tumtaje Salvina, binti yao. Febronia alikuwa amezika watoto wawili kabla yake, wote wachanga. Salvina aliishi. Alinenepa, alicheka, alianza kusema mapema, "mama" na "maji" na "sitaki", lakini miguu yake ilikataa. Alikuwa na miaka miwili na miezi minane na bado alisota kwa makalio uani, akichimba mfereji kwenye vumbi kila alikopita. Masista wa zahanati walimpapasa magoti wakasema mifupa ni mizima, mama asubiri. Febronia alisubiri. Alimbeba mgongoni shambani, kisimani na kanisani, na wanawake wenzake walimsifia mtoto kwa unene wake wakanyamaza kuhusu miguu. Kunyamaza huko kulimuuma kuliko masimango.

Sasa, kila mama wa huku anajua dawa ya mtoto mvivu wa kutembea: mfunge njuga mguuni. Akisogeza mguu, njuga inalia. Anaipenda ile sauti, anausogeza tena. Mwisho utamkuta amesimama dede. Febronia alikuwa ameshajaribu njuga za dukani za bati, na Salvina alizing'oa akazitia mdomoni. Alipoiona ile ya chuma juu ya mlango, ndogo, imara, na hata mbwa hawaitaki, aliona ni hasara kuiacha ikae bure. Alizichomoa nyasi kwa sindano ya kushonea magunia. Kwa nje zilikuwa kavu, lakini za ndani zilitoka na unyevu, na mikono yake ikanuka mbwa aliyelowa, ingawa mvua ilikuwa imekatika tangu mwezi wa tano. Alinawa. Kisha akaifunga njuga kwa kamba ya katani kwenye kifundo cha mguu wa kulia wa mwanawe.

Kengele ya misheni ya saa sita mchana ilikuwa inalia. Febronia alifumba macho kusali Malaika wa Bwana kama kila siku, na alipoyafumbua, Salvina alikuwa amesimama. Hakuwa ameshika ukuta wala kigoda. Alisimama kama mtu aliyezoea, kisha akatembea, njuga ikilia kwa kila hatua, akavuka uani mpaka kwenye ua wa minyaa unaotazama msitu. Hatua ishirini na tatu. Febronia alizihesabu, na kwa maisha yake yote hakuisahau hesabu hiyo. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani Otmar amerudi na nyati.

Otmar aliisikia njuga kabla hajafika nyumbani, akajua imezibuliwa. Alikaza mwendo, maneno makali yakiwa tayari mdomoni. Halafu akamwona binti yake akija kumpokea kwa miguu yake mwenyewe, na maneno yale akayameza. Tumlaumu? Mimi simlaumu. Alimnyanyua juu, akamzungusha, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na njuga ikalia kichwani pake. Usiku huo alijiambia kwamba wazee walisema mambo mengi, na mengine waliyasema ili watoto wasicheze na vitu vyao.

Siku iliyofuata walikuwa wanakula mchana, Febronia akasema, "Baba Salvina, juzi ulipita huku nyuma bila kuingia?"

"Juzi nilikuwa Kahama."

"Nilisikia mluzi wako. Ule wa kuwaita mbwa."

"Mluzi wangu ukoje?"

Febronia alifikiri. "Huu ulikuwa mmoja, mrefu. Unashuka mwishoni."

Otmar aliweka tonge chini. Kila mwindaji ana mluzi wake, ili mbwa wasichanganyikiwe porini, na wa kwake ulikuwa wa milio miwili mifupi. Wa namna hiyo hakuwahi kuusikia kwa mtu yeyote wa Ushirombo. Kabla hajasema kitu kengele ya misheni ililia, na ilipomaliza, wote wawili waliusikia, kutoka mbali, upande wa msitu: mluzi mmoja mrefu unaoshuka mwishoni kama mtu anayeteremka ngazi. Salvina aliacha chakula. Alisimama, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ua wa minyaa, akatulia pale, kichwa kimeinama upande mmoja, anasikiliza.

"Salvina," Otmar aliita.

Mtoto hakugeuka. Akaita tena, na mama yake akaita, na wote wawili wakagundua kwa pamoja jambo ambalo furaha ilikuwa imelifunika. Tangu afungwe njuga, Salvina hakuwa amesema neno hata moja.

Baada ya hapo waliona kila kitu, maana mtu akishaanza kuona hawezi tena kuacha. Waliona kwamba Wivu na Simjui wamejichimbia chini ya kihenge cha mtama na hawatoki hata kwa ugali. Waliona kwamba ile harufu ya mbwa aliyelowa haikuwa kwenye mikono ya Febronia tu. Ilikuwa kwenye blanketi la mtoto, kwenye nywele zake, kwenye maji ya mtungi. Waliona kwamba mtoto hapokei tena kikombe kwa mikono. Anainamisha uso kwenye bakuli na kuramba. Na kila adhuhuri, kengele ya misheni ikishanyamaza, mluzi ulikuja, na kila siku ulikuja kutoka karibu zaidi kuliko jana.

Siku ya tano Otmar alichukua wembe akakata ile kamba. Salvina alianguka pale pale, miguu imelegea, akatazama huku na huku kama aliyeamshwa, kisha akaanza kulia kwa sauti kubwa, "Mama! Mama, maji!" Febronia alimkumbatia. Sauti ile aliitamani sana. Lakini alipomweka chini asubuhi yake na kumwona anasota tena, makalio yakichimba vumbi, uso wake ulibadilika. Otmar aliporudi kutoka shambani aliisikia njuga tangu njiani.

"Umemfunga tena," alisema kwa sauti ndogo. Walikuwa wameshaanza kunong'ona ndani ya nyumba yao wenyewe.

"Anatembea."

"Mama Salvina, hasemi. Hatujui."

"Atasema. Watoto wote wanachelewa kitu." Alikuwa amempa mumewe mgongo, anachochea moto usiohitaji kuchochewa. "Wewe hujambeba. Miaka miwili na miezi minane, jua na mvua, nimembeba mimi. Nikifa nani atambeba mtu mzima mgongoni?"

"Kuna mtu anamwita."

"Najua," alisema Febronia. "Najua kuna mtu anamwita. Nafikiri kila siku kwamba kesho nitaikata. Halafu namwona amesimama."

Otmar aliogopa, na alimwonea huruma, na yeye mwenyewe pia alitamani kumwona binti yake amesimama. Alfajiri alichukua baiskeli kwenda machimboni kumtafuta Mabula, siku moja kwenda na siku moja kurudi, akamwapisha mkewe afunge lango la ua kwa miiba na asimwache mtoto atoke machoni pake.

Siku ya kwanza ilipita salama. Siku ya pili Febronia aliweka miiba, akaongeza na magogo, akamshika mtoto mapajani tangu saa nne, na kengele ya misheni ilipolia hakufumba macho, alisali akiwa ameyakodoa, na mluzi ulipokuja haukutoka tena msituni wala nyuma ya ua bali ulitoka pale pale kwenye kona ya nyumba, pembeni ya sikio lake, pamoja na pumzi ya nyama mbichi na moshi, akageuka kutazama, akageuka mara moja tu, na mapaja yake yakawa mepesi. Njuga ilikuwa tayari nje ya ua. Jinsi mtoto alivyopita kwenye miiba ile bila mkwaruzo hakuna aliyejua. Febronia alitoa magogo akakimbia, akapita shamba la mihogo, akaingia kwenye nyasi ndefu zinazomzidi kimo, ambako huoni kitu hatua mbili mbele yako, na huko, yeye binti wa wavuvi ambaye hakuwahi kuwinda, akafanya kile ambacho kila mwindaji hufanya, akasimama, akashika pumzi, akasikiliza njuga iko wapi.

Alisikia njuga nne.

Moja ilikuwa mbele yake, hiyo aliijua. Nyingine ilikuwa kulia, moja kushoto, moja nyuma yake, na zote zilikuwa zinakwenda kwa mwendo mmoja, bila haraka, kama mbwa waliozoeana wanavyokwenda wakimzunguka mnyama. Febronia alikuwa ndani ya duara hilo, na kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri baadaye hakuweza kusogea, maana hakujua wanawinda nini. Alipopata nguvu hakupiga kelele. Alikimbilia ile ya mbele.

Alimkuta Salvina pale nyasi zinapoishia na miti inapoanza, amekaa chini kwenye vumbi, ametulia, anasubiri. Mdomoni alikuwa na manyoya ya kanga, na kanga mwenyewe alikuwa amelazwa mbele ya mtoto, bado anapiga bawa moja. Pembeni mwa mtoto vumbi lilikuwa limejaa nyayo za mbwa. Mbele yake zilikuwepo nyayo za mtu, pekupeku, kubwa, zilizotoka msituni mpaka pale alipolazwa kanga. Hazikurudi. Mtu huyo alikuwa amefika hapo, na nyayo zake zilikuwa bado zinazama, taratibu, vumbi likibonyea chini ya vidole kama mtu anapoinama kuokota kitu.

Febronia alimnyakua mwanawe akakimbia bila kugeuka. Alijifungia ndani mpaka jioni, mlango umewekewa kitanda, na kamba ile hakuikata. Alijaribu, akashika wembe mara tatu. Siwezi kulieleza hilo vizuri zaidi ya alivyolieleza yeye mwenyewe, kwamba mkono ulikataa.

Otmar alirudi jua likizama, amejaa vumbi, akaingia kwa kupitia dirishani. Mabula hakuwa amemficha kitu. Alikuwa amekonda, na aliongea kama mtu aliyefurahi kuulizwa.

"Yeye na wenzake walikuwa wanachimba," Otmar alinong'ona, wameketi sakafuni, mtoto kati yao. "Wakatokea kwenye shimo la zamani. Ndani yake kulikuwa na mifupa ya mtu, na mkuki, na mifupa ya mbwa watatu. Mwindaji alitumbukia na mbwa wake, miaka mingi iliyopita, hakuna aliyewazika. Kila mbwa alikuwa na njuga yake shingoni. Mabula hakuzigusa hizo."

"Na hii?"

"Hii ilikuwa peke yake, mkononi mwa yule mtu. Imezibwa. Mabula aliona haina mwenyewe, akaichukua."

Febronia alimtazama mtoto. Salvina alikuwa amelala, na mguu wenye njuga ulikuwa unatikisika, kama mbwa anayekimbia ndotoni.

Kulipokucha walimleta Bernadina, wakamsimulia yote. Huyu alikuwa bibi mzee wa Kisumbwa, aliyebatizwa na kukomunika kila Jumapili, ambaye vibuyu vyake vya uganga alivificha chini ya kitanda nyuma ya kasha la nguo. Padre alijua, na yeye alijua kwamba padre anajua, nao walisalimiana vizuri. Alimkagua mtoto bila kuigusa njuga. Alinusa nywele zake. Akaenda chini ya kihenge akaongea kidogo na mbwa, kisha akarudi akaketi.

"Huyu anayeita si marehemu," alisema. "Marehemu amelala, maskini. Huyu ni jini wa pori. Amekuta kazi imeachwa katikati, akaichukua, na mbwa akawachukua. Lakini marehemu mkononi alikuwa na njuga ya mbwa wa nne, na mbwa wa nne hakuanguka shimoni, alikwenda zake. Kwa hiyo anamtafuta. Ikafunguliwa hapa, akasikia mbwa wake yuko hapa."

"Niikate, bibi," alisema Otmar. "Nikairudishe."

"Ulishaikata, ikarudi. Aliyeifungua ndiye wa kuiziba, mayu, mama." Alimgeukia Febronia. "Ni wewe. Na si saa hii. Saa anapoita, mtoto anapotaka kwenda. Ukiiziba anapoita, ataona mbwa wake amekufa, ataondoka."

Febronia aliuliza swali moja tu, na wote wawili walilijua kabla hajalisema. "Na miguu?"

Bernadina hakumdanganya. Alikuwa amezaa saba, akabakiwa na mmoja. "Miguu hiyo amempa yeye. Mbwa hawindi kwa makalio. Ukiziba, ataichukua."

Nje jua lilikuwa linapanda. Febronia alivua khanga yake ya mabegani, akaikunja mara mbili kwa namna ya kubebea mtoto, akaiweka tayari pembeni yake.

"Leteni nyasi," alisema.

Saa sita kasorobo waliketi uani, maana Bernadina alikataza ndani. Jini akiingia chini ya paa, alisema, kumtoa ni kazi nyingine. Alipaka majivu miguu ya mtoto. Otmar alisimama langoni bila bunduki, kama alivyoagizwa, na hakuna siku aliyojisikia uchi kama hiyo pamoja na vitu vyake vyote vipya vilivyolala kitandani. Kengele ya misheni ililia. Ilinyamaza. Kuku walinyamaza, upepo ukanyamaza, ile harufu ikaja kwanza, mbwa aliyelowa na nyama na moshi, nzito mpaka Otmar akaziba pua, na baada ya harufu mluzi, mmoja, mrefu, unaoshuka, katikati ya uani, mbele ya uso wa Febronia, na Salvina akanyooka kwa nguvu ambazo mtoto hana, akajivuta kuelekea pale pasipokuwa na mtu, huku mama yake akiwa ameushika mguu, akipenyeza nyasi kwa kidole ndani ya ule mdomo wa chuma uliokuwa wa moto kama sufuria, na mtoto akageuka akamng'ata mkono, akamng'ata mpaka damu, bila sauti, akimtazama kwa macho yasiyomjua.

"Mwite jina lake," alisema Bernadina.

"Salvina," alisema Febronia. "Salvina. Ni mimi. Salvina." Na akasukuma nyasi za mwisho, na njuga ikanyamaza.

Mtoto alikaa chini ghafla. Miguu ilijinyoosha mbele yake, mizito, kila mmoja upande wake. Meno yaliachia mkono. Mluzi ulikuja tena, karibu na minyaa. Halafu nyuma ya nyumba. Halafu upande wa kisima. Ulizunguka nyumba mara tatu, na mara ya mwisho sauti yake ilikuwa ya mtu anayehuzunika, na hilo ndilo lililomliza Otmar. Kisha njuga tatu zilipita kwenye nyasi, zikienda mbali, zikaisha.

"Mama," alisema Salvina. "Unatoka damu."

Safari hii mkono haukukataa wembe. Otmar aliondoka na njuga kwenda machimboni siku hiyo hiyo, yeye na Mabula wakaiweka shimoni, wakawafukia mtu yule na mbwa wake chini ya mawe, wakasali Baba Yetu kwa sababu hawakujua alikuwa dini gani. Msimu ulipofunguliwa alikwenda porini na Wivu na Simjui bila njuga, akawapoteza mara mbili kwa siku, akarudi na swala mmoja tu na hakulalamika. Febronia alimbeba mwanawe kisimani na kanisani kama zamani, na mgongo ulimuuma kama zamani, na wanawake walinyamaza kuhusu miguu, na safari hii hakuumia. Mtoto aliongea kutwa nzima mgongoni pale, habari za ndege na habari za mbuzi, na mama yake aliitikia kila neno. Alikuwa na furaha. Nalisema hilo wazi kwa sababu lilikuwa kweli, kwa muda wa miezi mitatu.

Mwezi wa kumi, mawingu ya mvua yalipoanza kukusanyika, Febronia alikuwa uani anapukuchua mahindi, Salvina kando yake akichambua punje. Ilikuwa mchana. Hapakuwa na harufu, hapakuwa na mluzi, kuku walikuwa wanadonoa. Salvina alishika bega la mama yake, akajiinua, akasimama. Aliyumba kidogo, kama mtoto yeyote anayeanza. Mguuni hakuwa na kitu. Akaachia bega, akapiga hatua moja, akapiga ya pili, akageuka kumtazama mama yake huku anacheka.

Febronia alifungua mikono yake kumpokea. Vigelegele vilikuwa vimeshafika kooni.

"Ngoja, mama," alisema Salvina. "Naitwa."

Febronia alisikiliza. Hakusikia kitu chochote. Akainuka, akamchukua mtoto akamwingiza ndani, akamfunga kwa khanga kiunoni, mafundo mawili, kwenye mguu wa kitanda, akabana mlango. Halafu akaketi sakafuni, akafunika uso kwa mikono, akalia kwa sababu mwanawe anatembea.